Mara Nne, Halafu Mwiko

Nyumba niliyokulia iko Kenya. Kila ninaposema hivyo mbele ya wageni inabidi nieleze kwamba sizungumzii nchi, bali komini, yaani wilaya ya mji, ya hapa Lubumbashi, yenye soko, karakana, na makanisa yanayoshindana kwa vipaza sauti. Katika nyumba hiyo tulikuwa watu sita na Wazungu wanne. Wazungu walikaa juu ya kabati la sebuleni, kwenye jalada la santuri: vijana wenye nywele ndefu na macho ya usingizi, na juu ya vichwa vyao herufi za zambarau na rangi ya chungwa zilizoyeyuka kama mishumaa. Ilikuwa santuri yao ya kwanza. Baadaye walitoa nyingine, nasikia, lakini hizo hazikufika Kenya, na baba hakuzitafuta.

"Ya kwanza njo iko na njala," alikuwa akisema, kwa Kiswahili chetu ambacho njo ni ndiyo na njala ni njaa. "Mutu akishakula, analala. Akishashiba, analala zaidi."

Naandika haya kwa sababu mwaka huu kidogo tu santuri hiyo imfanye baba aweke gitaa chini moja kwa moja, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Angalau ndivyo nilivyoamini kwa siku tatu, na siku tatu za kujilaumu ni nyingi kwa mtu wa umri wangu mwenye shinikizo la damu.

Baba alikuwa fundi wa injini za treni. Santuri aliipata Sakania, mpakani, alikotumwa kufufua injini iliyokufa njiani. Dereva mmoja wa upande wa Zambia alikuwa nayo, na baba alikuwa na mfuko wa viwavi vikavu ambao mama alimfungia kwa safari. Wakabadilishana. Mama hakulisahau jambo hilo. Viwavi vile vilikuwa vya msimu mzuri, vinene, vimekaushwa na dada yake mwenyewe. Kila mgeni aliyeisifu santuri mbele yake alipewa jibu moja: "Ndiyo, iko muzuri. Utaikula na bukari?" Bukari ndio ugali wetu, na kwa mama ulikuwa kipimo cha vitu vyote.

Muziki wenyewe ulikuwa blues iliyochomekwa kwenye umeme. Kule ulikotoka, wakati ule, vijana walikuwa wakivaa maua na kumeza vitu vilivyowafanya waone rangi zikizungumza. Sisi tulikuwa na vumbi jekundu na moshi wa tanuru la shaba. Rangi tuliziona bila kumeza chochote. Lakini gitaa lile lililokwaruza, lililolia kama chuma kwenye jiwe la kunolea, baba alilitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya kazini kwake, ila imefundishwa kuimba.

Akaunda kikundi. Walikuwa wanne, kama wale wa kwenye jalada. Baba alipiga gitaa. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukoo wa Maniema, Mwislamu wa swala tano, alipiga ngoma. Baba alimchagua kwa sababu, alisema, mtu anayekanyaga cherehani mchana kutwa bila kupoteza mwendo tayari ana mguu wa mpiga ngoma. Tulimwita papa fundi. Mpiga besi alikuwa mwenzake baba wa karakana, Mungu amweke pema. Mwimbaji alikuwa bwana mmoja ambaye siku hizi analima mahindi Lukafu na hana tena meno ya mbele. Aliimba Kiingereza cha saa nzima kisicho na neno hata moja la Kiingereza, na wanawake walilia.

Upande wa pili wa santuri, wimbo wa tatu, ndio uliokuwa wimbo wetu. Unaanza polepole. Gitaa linapanda ngazi, linapanda, linakaribia kabisa juu, na hapo hapo linarudi chini na kuanza upya. Linapanda tena. Linarudi. Linapanda. Linarudi. Mara nne. Kisha unasikia ko! na mwimbaji anatokea katikati ya ubeti mwingine, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa dirisha.

Ile ko haikutoka kwenye santuri. Ulikuwa mwiko wa mama. Yeye alipika uani, kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na mashine ya santuri ilikuwa sebuleni juu ya kabati. Gitaa liliporudia mara ya pili, aliinua kichwa. Mara ya tatu alivuka uwanja na mwiko mkononi, ukidondosha unga. Mara ya nne alikuwa mlangoni. "Huyu muzungu amekwama tena," alisema. "Pita, papa! Batu beko na njala." Akagonga ubavu wa kabati, ko, na Mzungu akapita. Ikiwa bukari ilikuwa katika hatua mbaya, isiyoweza kuachwa, Mzungu alingoja hata mara sita.

Kikundi cha baba kilijifunza wimbo kwa njia pekee iliyokuwepo: kukaa mbele ya kabati jioni baada ya jioni mpaka vidole vielewe. Hakuna aliyejua kusoma noti. Kilichosikika ndicho kilichopigwa. Kwa hiyo walipiga mara nne, na papa fundi akaigonga ile ko kwenye ukingo wa ngoma, na wote wakaruka pamoja katikati ya ubeti bila kujikwaa. Jambo hilo ni gumu kuliko mnavyodhani. Jumapili alasiri, kwenye baa ya jirani, watu walikuwa na namna yao ya kulicheza: mara nne unapanda kwa bega, halafu ko, unageuka na kumwangalia mtu mwingine. Nimeiona hatua hiyo kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kusikia habari za santuri yetu.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba kwa nini gitaa linarudi.

"Njo vile wimbo iko," akasema.

Mimi nilikuwa mtoto mwenye kuamini. Hata mwiko wa mama nilidhani ni sehemu ya wimbo. Sikujiuliza hata kwa nini papa fundi, rafiki yake wa chanda na pete, ndiye mtu pekee katika mtaa mzima aliyekatazwa kuigusa santuri. Nilidhani ni kwa sababu ya mafuta ya cherehani.

Nikakua, nikaingia chuo kikuu, na huko ndiko nilikoharibika. Mémoire yangu ya kumalizia masomo ilihusu muziki wa mitaa ya wafanyakazi. Humo nilitumia kurasa kumi na moja, kumi na moja kamili, kueleza jinsi wanamuziki wa Kenya walivyouchukua wimbo wa kigeni na kuutafsiri, maana niliona wazi kwamba ule mrudio wa mara nne ulikuwa mapigo ya mababu wa Kiluba, yaliyobebwa kutoka kaskazini hadi kusini kwenye mabehewa ya reli, na ile ko ilikuwa mlango unaobishwa kati ya walio hai na waliokufa. Niliandika neno "kizingiti" mara nyingi. Walimu walinipa daraja zuri. Baba na mama walikuja siku ya kutunukiwa, wamevaa vitenge vya sare vilivyoshonwa na papa fundi, wakapiga makofi kuliko wote.

Miaka mitatu baadaye nilipata nafasi ya masomo Ubelgiji. Jumamosi moja ya mvua niliingia duka la santuri kuukuu, na Wazungu wangu wanne walikuwa pale, na macho yao ya usingizi. Nilikaribia kuwasalimia kwa Kiswahili. Mwenye duka, mzee mwenye upara mbele na mkia wa nywele nyuma, akanipa visikilizio na kuniachia niketi. Nikaenda moja kwa moja upande wa pili, wimbo wa tatu. Gitaa likapanda, likapanda, likafika juu, na likashuka upande wa pili kwa raha zake.

Nilimpelekea mzee santuri yake nikiwa na huzuni ya kweli.

"Bwana, hii ina kasoro. Inaruka."

Akaigeuza kwenye mwanga. Akaiweka kwenye mashine ya duka, wateja wote wakasikiliza. "Inaruka wapi, bibie?"

"Hapo! Zimepotea mara tatu. Na ko imepotea."

"Ko?"

Nikamwonyesha. Nikagonga meza yake kwa ngumi: ko. Mzee akavaa miwani kunitazama vizuri zaidi. Na hapo, ngumi yangu ikiwa bado juu ya meza, nikaelewa. Nilimwona mama akivuka uwanja. Nikaziona kurasa zangu kumi na moja, moja baada ya nyingine, na kizingiti changu. Nikamshukuru mzee, nikatoka nje kwenye mvua bila mwavuli wangu, na sikurudi kuuchukua.

Niliporudi Lubumbashi sikusema kitu. Nilijiambia kwamba namlinda baba. Mtu aliyepiga wimbo maisha yake yote, nani atamwambia kwamba amepiga mkwaruzo? Ukweli, ambao niliufunika vizuri, ni kwamba nilikuwa naikinga mémoire. Miaka ikapita. Mashine ya santuri ikafa. Mpiga besi akafa. Miaka miwili iliyopita mama akafa, na wiki ile ile baba akalifunga gitaa kwenye kitenge cha mama na kulipandisha juu ya kabati, pale Wazungu walipokuwa wakikaa. Tulipomsihi alishushe, alisema vidole vimekauka. Havikuwa vimekauka. Bado alinyoosha misumari kwa koleo.

Binti yangu ndiye aliyelishusha. Alipochumbiwa alimwendea babu yake peke yake, bila ushauri wa wasomi, akamwambia hataolewa bila ule wimbo. Baba akamwomba amshikie kiti. Kwa wiki tatu tulisikia nyuzi zikijaribiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Mimi nilipita pale mara nyingi nikiwa na shughuli zisizokuwepo.

Kwa kuwa mjini wa zamani walibaki wawili tu, baba na papa fundi, tuliwaongezea vijana watatu, rafiki za bwana harusi, wanaopiga kwenye sherehe za mjini. Mazoezi yakawa uani kwa papa fundi, Jumatatu alasiri, siku sita kabla ya harusi. Vijana walikuwa na adabu na walikuwa wamejiandaa. Wimbo waliukuta kwenye simu. Baba akaanza. Gitaa likapanda, likarudi, na hapo vijana wakapita na kumwacha nyuma, kila mtu akawa mahali pake.

"Pardon, nkambo," akasema kijana wa gitaa, akitumia neno letu la babu. "Pale unarudia-rudia. Kuko faute."

"Faute ya nani?" baba akauliza.

"Sijui, nkambo. Mu original haiko."

Na ili kusaidia, maana vijana hupenda kusaidia, akaweka simu kwenye spika. Wimbo safi ukasikika uani kote. Gitaa likapanda, likafika, likashuka. Baba alisikiliza akiwa amesimama. Nami nilitazama chini, kama mtu ambaye mkopo wake umetajwa kanisani.

Baba akachomoa waya. Akalifunga gitaa kwenye kitenge, fundo kwa fundo.

"Mupige yenu," akasema bila hasira. "Iko muzuri sana."

Akapanda pikipiki ya kukodi, gitaa likiwa kati yake na dereva, akaenda.

Usiku huo huo binti yangu alinipigia simu. "Mama, nkambo amekataa. Fanya kitu. Weye njo mwenye masomo."

Masomo! Nilijizungusha siku tatu. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, nilimpitia papa fundi ili nisiende peke yangu, tukamkuta baba uani akinyoosha rimu ya toroli kwa nyundo. Alituonyesha viti kwa kidevu.

"Papa, kuko jambo," nikasema.

"Kama ni harusi, nitakuya. Nitakula, nitabariki."

"Ni disque, papa, ile santuri. Ile ya kwenye simu ya batoto njo wimbo wenyewe. Yetu ilikuwa..." Nikasogeza kiti. "Yetu ilikuwa na mukwaruzo."

Baba akaweka nyundo chini. Akamtazama papa fundi. Papa fundi akatazama kuku.

"Unasikia, mutu wa sindano?" baba akasema. "Mutoto alifika mpaka Ulaya, akaturudishia ile habari."

Kisha akanigeukia. "Miye nilikuwa nasikia locomotive inaugua mbele ya dereva wake. Sasa nishindwe kujua disque yenye kidonda? Nilikuwa nakiona kila siku, kiko hapa mpaka hapa." Akachora mstari hewani kwa kidole. "Uliza huyu na kastabani yake."

"Disque ilikuya vile," akasema papa fundi kwa upole.

"Ilikuya vile! Siku ya kwanza kabisa! Anatoka kushona, anakimbia, anainyakua disque na kidole kingali na kastabani, ile kofia ya chuma!"

"Ilikuya vile toka Sakania. Barabara ilikuwa mubaya."

"Nilikuya na treni! Reli iko na mashimo?"

"Wallahi, yaya..." akasema, kwa neno letu la kaka mkubwa.

"Usiape. Umezeeka, Mungu anakusikia karibu."

Papa fundi akaniambia mimi, kana kwamba baba hayupo: "Makumi tano ya miaka, mama, hanipe disque mu mukono. Hata jalada."

Nikaona ni heri nimalize. "Nilijuaka tangu Ulaya, papa. Sikukuambia. Nilikuwa na haya juu ya mémoire."

"Ile ya bankambo wa reli?"

"Uliisoma?"

"Nilikuwa namusomea mama yako jioni, namugeuzia mu Kiswahili. Tulipofika kwa ule mulango wa bafu, batu benye kufa, alicheka mpaka nikamuletea maji. Alisema: kumbe miye niko muzimu, na sijue!"

"Juu ya nini hamukuniambia?"

Baba alifikiri. "Ulikuwa muzuri na ile robe ya chuo," akasema.

Nilikuwa nimemlinda mtu asiyehitaji kulindwa, huku nikilindwa na watu wawili ambao sikuwahi kuwashuku. Kuku akapita kati ya miguu yetu. Halafu uso wa baba ukabadilika. Akaivuta toroli kando na kusogeza kiti mbele yangu.

"Sasa niambie kitu kimoja. Ule wa Ulaya uliusikiliza wote? Na pale chini ya kidonda?"

"Ndiyo, papa."

"Kuko nini?"

Nilikumbuka mvua, upara wa mwenye duka, aibu yangu. Kipande chenyewe sikukikumbuka.

"Hujui." Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza. "Mama yako akigonga, sindano inaruka, kipande kinapotea. Tangu siku ile najiuliza: pale chini, yule mutoto wa disque alipiga nini? Alitokaje kule juu? Jumatatu nilikuwa nimesimama karibu ya spika, nasikiliza kwa roho yote, na batoto wanaongea, wanagonga-gonga nyuzi. Sikusikia. Na weye ulikuwa nayo mu kichwa, unaninyima."

Nikatoa simu. Mikono yangu haikuwa na masomo yoyote wakati ule, ilichukua muda. Baba akaiegemeza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, wazee wawili wakainamisha vichwa juu ya sufuria kama watu wanaotazama mchuzi. Gitaa likapanda. Likafika pale ambapo kwetu hurudi, likapita.

"Rudisha," akasema baba.

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu aliinua kidole kabla ya mahali penyewe, na alipokishusha alikuwa anatabasamu hivi kwamba nilidhani anaumwa.

"Pale! Umesikia, weye?"

"Nimesikia," papa fundi akasema, macho yamemtoka. "Ameteleza."

"Ameteleza kidole! Alikuwa anafika juu, akakosa uzi, akashika wa jirani, akaendelea kama hakuna kitu. Na walimuachia, wakaiweka mu disque vile vile!"

Mimi sikusikia kosa lolote, hata sasa silisikii vizuri. Ni kitu kidogo kama jani lililogusa dirisha. Lakini wale wawili walicheka mpaka papa fundi akavua kofia yake.

"Na hakukuwa hata kastabani," akasema.

"Alikuwa mutoto," akasema baba, kwa sauti ambayo hutumia kwa wajukuu. "Disque ya kwanza. Alikuwa na woga."

Nikadhani mambo yamekwisha. "Basi Jumapili utapiga, papa? Hivi, kama yao?"

Tabasamu likaondoka taratibu. Akachukua nyundo, akaipima mkononi.

"Miye nilikubali kushusha guitare juu ya nini? Mutoto anaolewa, nkambo yake mwanamuke hayuko. Nilisema, tukifika pale kwa mara ya nne, papa fundi atagonga, na itakuwa sawa vile mama yako ameingia na mwiko." Alinyoosha pembe moja ya rimu kabla ya kuendelea. "Kama tunapita pale mbio-mbio, yee atagonga wapi?"

Papa fundi akaivaa kofia yake tena. Mimi nikatazama mbabula, ambayo bado iko pale pale uani, na nikahesabu hatua kutoka kwenye mbabula hadi mlango wa sebule. Sikuwahi kuzihesabu kabla, hata nilipokuwa naandika kurasa kumi na moja.

"Batoto wajifunze yetu, basi," nikasema.

"Wataweza?"

"Watakaa mbele yako mpaka vidole vielewe."

Ijumaa na Jumamosi vijana walikaa. Sijawahi kuona watu wenye vipaji wakiteseka vile. Kurudi mara nne waliweza. Kilichowashinda ni ule mruko, maana sindano haikujali hesabu za muziki, ilitua ilikotaka.

"Nkambo, hii iko mesure gani, mapigo ngapi?" akauliza kijana wa gitaa, jasho likimtoka.

"Mesure ya kastabani," baba akajibu.

"Disque ilikuya vile," papa fundi akasema kutoka nyuma ya ngoma.

Jumamosi saa kumi waliruka pamoja, wote watano, wakatua pamoja. Kijana akapiga kelele kama aliyefunga bao. Hapo baba akaniita, akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa mwiko wa mama, ncha moja imeungua tangu nikiwa msichana.

"Papa fundi mikono yake imechoka," akasema. "Kesho weye njo utagonga."

"Mikono yangu haina shida," akasema papa fundi.

"Imechoka," akasema baba.

Harusi tuliiweka mchana kwa sababu ya umeme, ambao Lubumbashi una tabia ya kuondoka kabla ya wageni. Kutoka Lukafu mwimbaji wetu wa zamani alileta gunia la mahindi na akakataa kuimba. Alisema bila meno Kiingereza chake hakitaeleweka. Nilisimama kando ya ngoma na nguo ya sare, mwiko nyuma ya mgongo, karibu na kabati la ukumbi lililowekewa sahani. Nilikuwa nimefanya mazoezi jikoni kwangu. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu hadi nne.

Gitaa likapanda, likarudi. Moja. Wazee wa Kenya wakainuka kwenye viti vyao, mabega yakaanza kupanda. Mbili. Binti yangu alikuwa katikati, vazi lake amelikusanya mkononi, anamfundisha mumewe. Tatu. Baba alikuwa ameketi, kichwa kimeinamia nyuzi, na sikio lake moja, la upande wangu, lilikuwa limeelekezwa nyuma, kwa namna aliyokuwa akifanya zamani akimsikiliza mtu anayevuka uwanja. Nilisahau kuhesabu. Nilisahau kwamba nina mwiko. Gitaa likarudi tena, na tena. Vijana wakaanza kutazamana. Mabega ya wageni yalikuwa yamefika masikioni na hakuna aliyeweza kugeuka. Baba hakuinua kichwa; alirudi chini na kuanza upya, na angerudi hivyo mpaka umeme ukatike.

"Mama," akanong'ona papa fundi nyuma yangu, "gonga basi. Miguu yangu inakufa."

Nikagonga. Ukumbi mzima ukageuka, tukaruka wote katikati ya ubeti. Na pale pale baada ya ko, akichomeka peke yake kile kipande cha chini ya kidonda, baba alifika kwenye ule uzi alioteleza Mzungu wa santuri, na kwa makusudi kabisa, akakosa.